Filamu fupi nne na nusu ya ndefu moja

Kisa chenyewe ni kidogo. Jumamosi moja mwishoni mwa Novemba 2024, watu tisa walikutana kwenye sebule ya nyumba ya kupanga, upande wa kusini wa Kampala. Walitundika shuka jeupe ukutani, wakatazama filamu fupi nne za mapenzi ya jinsia moja, wakaanza ndefu moja, na katikati ya ile ndefu ukuta ukagongwa mara tatu. Haikupita muda chumba kikawa kitupu. Hakukamatwa mtu, hakupigwa mtu, wala gazeti halikuandika. Mmoja wetu alichana suruali akiruka ua wa nyuma.

Nakieleza kwa urefu kwa sababu usiku ule sauti ya kutafsiri ilikuwa yangu, na kwa sababu kila ninapokisimulia kwa watu wanaoandaa maonyesho ya namna hii, la kwanza kuulizwa ni: nani aliwauza? Swali hilo ndilo lililotugharimu kuliko kule kugongewa. Mambo machache ya mtaa na ya watu nimeyageuza ili asijulikane mtu. Mengine ni kama yalivyokuwa.

Kwa nini sebuleni

Kampala iliwahi kuwa na tamasha lake. Desemba 2016 ilifanyika Queer Kampala International Film Festival, iliyoanzishwa na mtengenezaji filamu Kamoga Hassan. Mahali pa kuonyeshea hapakutangazwa. Mgeni alijulishwa baada ya kujulikana yeye ni nani. Desemba 2017 tamasha likarudi mara ya pili, polisi wakavamia, maonyesho yakakatika. Mwezi Mei wa mwaka huohuo Baraza la Vyombo vya Habari lilikuwa limepiga marufuku filamu ya Uholanzi iliyopangwa kuonyeshwa kwenye tamasha la filamu za Ulaya hapa mjini, mojawapo ya sababu ikiwa kwamba inausifu ushoga. Ubalozi wa Uholanzi ukajitoa. Kwa hiyo yule anayesema tungejificha chini ya mwamvuli wa wazungu, jibu lake lilishatolewa 2017.

Halafu ikaja sheria ya 2023 dhidi ya ushoga, iliyotiwa saini na Rais Museveni mwezi Mei. Watu wa nje wanaijua kwa kifungo cha maisha na kwa adhabu ya kifo. Sisi wa filamu tuliisoma kwingine: kwenye kipengele cha kueneza. Kuchapisha, kutangaza au kusambaza chochote kinachohamasisha mapenzi ya jinsia moja, kwa kompyuta au kwa njia yoyote ile, ni hadi miaka 20. Shirika likikutwa na kosa hilo, faini inafika shilingi bilioni moja. Aprili 3, 2024, Mahakama ya Katiba iliiacha sheria isimame lakini ikang'oa baadhi ya vifungu vyake, kikiwemo kile cha kumtaka kila mtu apeleke ripoti polisi, na vile vilivyomtisha mwenye nyumba au mwenye ukumbi. Kwenye karatasi, basi, mwenye kukodisha chumba alipata nafuu. Nenda ukamwambie mwenye ukumbi wa Kampala kwamba kifungu chake kimefutwa. Atakuitikia vizuri, atakumiminia chai, na chumba hukipati.

Tamasha linataka bango, foleni mlangoni, watu wabishane kwenye ngazi kuhusu filamu waliyoitazama sasa hivi. Sisi kila kimoja kati ya hivyo kilikuwa cha kukwepwa. Kilichobaki ni shuka, projekta ya kuazima yenye feni inayolia kama mbu, na watu tisa. Hatukuipa jina. Mwenyeji wetu, fundi cherehani mwenye mzaha mwingi, alisema iitwe "keki", na keki kweli ilikuwepo mezani, na mshumaa wake. Geti likibishwa, tunaimba.

Fupi kwanza

Mpangilio wa filamu hatukuupanga kwa ladha, na hili nataka waandaaji walitazame vizuri. Kwenye matamasha makubwa filamu fupi hutiwa pamoja kama vitafunio kabla ya chakula, au huwekwa saa za mchana watu wakiwa wachache. Kwetu fupi ndiyo ilikuwa nguzo. Filamu ya dakika sita ikiisha taa inawaka, watu wanaonekana wameketi na sahani, keki iko pale, anayetaka kutoka anatoka bila kukata hadithi, aliyechelewa anaingia bila kupapasa gizani. Kila filamu ni mlango. Ndefu ni kinyume chake: dakika 98 za giza, macho yote upande mmoja, migongo yote mlangoni. Mtu aliyezama kwenye filamu ndefu hasikii boda boda ikisimama nje.

Kwa hiyo tuliweka fupi nne mwanzo, na ndefu mwisho kwa atakayetaka kubaki. Tulichagua Jumamosi ya mpira, mtaa mzima uko kwenye vibanda na kelele zao zinafunika zetu. Watengenezaji filamu walituruhusu kwa barua pepe, kwa sharti kwamba nakala zisibaki mikononi mwa watu, na sharti hilo lilikutana na la kwetu, maana kwa sheria ile flashi inayopita mkono hadi mkono ni mbaya kuliko macho kumi na manane yanayotazama shuka. Flashi ilikuwa moja. Ilikaa shingoni mwangu kwenye kamba ya viatu.

Mtu ataniuliza mbona hatukuonyesha *Rafiki*, ile filamu ya Kenya ya wasichana wawili wanaopendana. Ni haki kuuliza, kwani hadithi ya filamu ile ni ya Uganda: mwongozaji wake, Wanuri Kahiu, aliitoa kwenye "Jambula Tree" ya Monica Arac de Nyeko, Mganda, hadithi iliyopata Tuzo ya Caine mwaka 2007. Filamu ikatoka 2018, ikawa ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa Cannes, ikapigwa marufuku kwao mwezi Aprili, na Septemba mahakama ikairuhusu siku saba tu. Nusu ya watu sebuleni walishaitazama kwenye simu, chini ya shuka, sauti imezimwa. Lakini sababu yetu kubwa ilikuwa nyingine: inasema Kiswahili. Wahusika wanasema wenyewe, kwa sauti zao, na sisi hatuna namna ya kuwachagulia maneno. Nitarudi hapo.

Sauti

Aliyekulia Uganda anajua kibanda cha video hakiendi bila vijei. Filamu inatoka Hong Kong au Marekani, na mtu mmoja na kipaza sauti chake anaigeuza Kiganda papo hapo, anaongeza utani, anawabatiza wahusika majina, anamkemea adui. VJ Jingo ana jina kubwa kuliko waigizaji wengi aliowatafsiri. Mimi si vijei. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili kutoka Mombasa, niliyevuka mpaka wa Busia nikifuata kazi baada ya baraza la mawaziri la Uganda, Julai 2022, kuridhia Kiswahili kiwe cha lazima mashuleni. Ila kati ya wale tisa, wanne walikuwa Wakongo wa Bukavu na Goma, ambao Kifaransa wanakisoma na Kiingereza kinawapita kabla hawajamaliza mstari. Mmoja Mnubi wa Bombo. Wengine wawili Wakenya, ukiniongeza mimi watatu. Mwenyeji Mganda, Kiswahili chake cha kuombea bei. Filamu zote zilikuwa na maandishi ya Kiingereza chini. Lazima mtu asome na kusema.

Na hapo tukajiona wajanja. Mtaa ule unasema Kiganda. Kiswahili, tulisema, kitakuwa pazia: jirani akisikia mtu anabwabwaja ataona ni Wakongo na mambo yao.

Juu ya pazia hilo kulikuwa na jingine, na hili lilinifurahisha kama mwalimu. Kiswahili hakimjui mke wala mume kwenye kitenzi. *Anampenda.* Nani? Yeye. Nani? Yeye. Ukisema "mpenzi wake alimsubiri gatini mpaka usiku" umesimulia kila kitu, na hujamtaja mwanamke wala mwanamume. Mwingereza hawezi kufika mwisho wa sentensi ile bila kujitoa. Mfaransa ndiyo kabisa. Mimi ningeweza kusimulia mapenzi ya wanawake wawili kwa sauti ya kawaida, ukuta wa tofali moja katikati, na anayesikia upande wa pili asikie mapenzi tu.

Nikaketi siku tatu na daftari nikitafuta mitego, kwa sababu lugha haitoi zawadi bila kushika kitu nyuma. Mpenzi, mchumba, mwenzi, mtu wake: salama. Mkwe: salama. Wifi: hatari. Shemeji: inategemea. Dada na kaka nilizipa likizo. Shoga ndiyo kabisa. Kule kwetu mama yangu mpaka leo anamwita jirani yake "shoga yangu" wakipeana bakuli la mbaazi ukutani, neno tamu la wanawake wawili wasiofichana, lakini ukilivusha Busia linageuka jiwe. Majina ya Kihispania ya wahusika wa ile ndefu niliyaondoa, kwa kuwa hata asiyejua Kihispania anamjua Maria. Nikawabatiza kama vijei: mmoja Mwenye Boti, mwingine Muuza Samaki.

Neno lililonishinda lilikuwa moja. Kuoa. Kiswahili kilichosahau kumtenga mwanamke na mwanamume kwenye kila kitenzi kimemkumbuka hapo: mume anaoa, mke anaolewa. Kwenye ile ndefu kuna mahali, karibu na nusu, Muuza Samaki anamwambia mwenziwe usiku wa kuamkia safari kwamba angekuwa na nchi ya kufanyia, angemuoa. Daftarini niliandika "tungeoana" na kuweka tiki. Kinafaa. Hakina kosa. Kimepoa kama chai ya jana, lakini kinafaa.

Usiku

Fupi ya kwanza ilikuwa ya dakika sita, wazee wawili wanaume jikoni, hawasemi karibu neno, mmoja anapika supu, mwingine anamfunga kifungo cha shati mkono unatetemeka. Kazi yangu ilikuwa mistari minne. Nilipomaliza, dada mmoja wa Bukavu, akiita kisamvu kwa jina la kwao, akasema, "Sombe hata kidogo hawakuweka, ndiyo maana wanaumwa," na kicheko kilichotoka pale kilikuwa kikubwa kuliko tulivyokubaliana. Ya pili ilikuwa katuni. Ya tatu sikuipenda, ni ya watu wanaolia bafuni, na matamasha yana watu wengi sana wanaolia bafuni. Ya nne, dakika 17, ni ya mwanamke anayerudi kijijini kuzika baba, amefuatana na mtu ambaye kila mwanafamilia anamwita "mgeni wetu", mpaka bibi mmoja mzee anapompa mgeni yule jembe ashike pamoja na watoto wa marehemu. Hapo sikutafsiri. Jembe lilijieleza.

Baada ya ile ya nne tukawasha taa, tukala. Rolex, zile chapati za kukunjwa na mayai, zilikuwa zimepoa. Watu walizungumza kwa zaidi ya nusu saa na hayakuwa mazungumzo ya sinema. Yalikuwa ya nani alizikwa bila wao, nani walimpigia simu ya msiba baada ya kaburi kufunikwa. Kijana wa Goma alieleza alivyomzika mtu wake kwa video ya WhatsApp, kutoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale, mtandao ukikatika kila padri akianza sala. Kama tungeishia hapo ningeandika kisa kingine, na labda kizuri zaidi.

Wawili waliondoka. Saba tukabaki kwa ile ndefu.

Filamu ndefu ina jambo moja ambalo fupi haina, na si urefu. Fupi inakuonyesha mtu kwenye siku yake ya maana. Ndefu inakuonyesha mtu akifua. Dakika ya 20 Mwenye Boti na Muuza Samaki wanabishana juu ya pesa ya mafuta, na sebule nzima ikanyamaza, hakuna aliyekuwa amewahi kuona watu kama yeye wakigombana juu ya pesa ya mafuta kwenye shuka lenye upana wa mita mbili. Mtu mmoja mbele alikuwa anatikisa kichwa kama anasema, hata sisi. Mimi nami nikanogewa. Nilianza kwa mnong'ono, dakika ya 30 nilikuwa natia sauti ya boti. Sauti ya filamu yenyewe tuliishusha kabisa, waigizaji walisikika kwa mbali, kama redio ya jirani.

Tukafika pale. Muuza Samaki amekaa kwenye ukingo wa boti, miguu majini. Mstari ukaja. Yule dada wa Bukavu akanigeukia, maandishi ya Kiingereza yalikuwa mafupi kiasi kwamba hata yeye aliyashika. Alitaka kusikia nitasemaje. "Tungeoana" ilikuwa mdomoni. Nikaona ni neno la kikao cha harusi, neno la kamati. Nilitaka aseme *ningekuoa*, mwanamke amwambie mwanamke, kosa la sarufi nililolikata kwa kalamu nyekundu kwenye mamia ya madaftari. Na sikuweza kulisema kwa sauti, ukuta ulikuwa hapo. Nikanyamaza. Mstari ukapita, wa pili ukapita. Labda nusu dakika.

Ukuta ukagongwa. Mara tatu, kwa ngumi au kwa kitu kizito, kwa nafasi sawa.

Mwenyeji alizima projekta kwa kung'oa waya. Hakuna aliyeimba wimbo wa keki. Tuliupanga kwa ajili ya geti, na hakuna aliyekuwa amefikiria ukuta. Wanne walitoka kwa nyuma, wawili kwa mbele wakiwa wameshikana mikono kama mke na mume (kwa hakika walikuwa mwanamke na mwanamume, na hawakuwa wamewahi kusalimiana kabla ya siku ile). Mimi nilibaki nikikunja shuka. Flashi niliivunja kwa kisigino, jambo ambalo mpaka leo najutia na ningelirudia.

Aliyeuza

Upande wa pili wa ukuta anaishi mama mtu mzima, peke yake, ambaye mtaa wote unamwita Jaja, yaani bibi. Kesho yake alfajiri Jaja alifunga mlango, akapanda teksi na begi, akapotea. Mwenyeji alipotuambia hivyo, hesabu ilijifunga yenyewe: amegonga, amesikia, amekwenda kusema. Na alisikiaje? Kumbe, akasema mwenyeji kwa uzito wa mtu aliyekumbuka kwa kuchelewa, Jaja ni mjane wa mwanajeshi, amekulia kambini Jinja.

Hapo nilitaka kujipiga kofi. Mwalimu mzima wa Kiswahili. Kama kuna kitu kimoja kila anayefundisha Kiswahili Uganda anakijua kabla hajashika chaki, ni kwamba hapa Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi. Ilikuwa lugha ya jeshi tangu Mwingereza, Amin akakitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, na watu wa umri fulani hapa mjini wakisikia Kiswahili usiku wanakumbuka aliyebisha mlango. Ndiyo maana wazazi wengine bado wananuna watoto wakiletewa kitabu changu. Sisi tulichagua, kati ya lugha zote, ile ambayo askari anaielewa, tukaiita pazia.

Lakini Jaja hakuwatosha watu. Alikuwa hayupo wa kuulizwa, na woga unataka mtu wa kuulizwa. Tulikuwa tumealika kumi. Wa kumi, kijana mpole anayeuza vifuniko vya simu, alituma ujumbe saa kumi na moja jioni kwamba ana homa. Homa ile ikageuka ushahidi. Kwa wiki mbili ujumbe wake ulisomwa na kusomwa upya: mbona ameandika saa ile, mbona ametuuliza tutamaliza saa ngapi. Mtu mmoja alikwenda mpaka kibandani kwake kutazama kama kweli anakohoa. Alitolewa kwenye kundi la simu bila kuambiwa sababu. Akabadilisha namba. Nilikuwa kwenye kundi lile, nikasoma yote, na sikuandika kitu cha kumtetea, kwa kisingizio kwamba kunyamaza ni usalama.

Hili ndilo ninalowajibu wanaouliza nani aliwauza. Katika kupanga usiku kama ule tunahesabu geti, majirani, mpira, flashi, saa. Hatupangi tutakavyokuwa siku ya pili, pale hofu inapokuwa imebaki na haina kazi. Kukimbia kulikuwa sahihi, na sitaki mtu atumie mwisho wa kisa hiki kusema tulikimbia bure. Ukuta ukigongwa usiku katika nchi yenye kipengele cha miaka 20, hungoji kujua ni kugonga kwa aina gani. Ila kukimbia ni dakika nne. Kumshuku mtu ni wiki mbili na bado inaendelea, kwani kijana yule hajarudi, na mimi ninayejua ukweli sina namba yake.

Kuhusu programu: wengi wanasema iwe fupi tupu kuanzia sasa. Nimeshindwa kubishana nao na sijakubali. Fupi zinatufaa kwa sababu maisha yetu yamekatwa vipande vya dakika 15, na sioni kwa nini hata kwenye shuka tukatiwe vilevile. Wengine wanasema tatizo ni vijei, watu wasome wenyewe. Wasome nini, wale wanne?

Jaja

Wiki moja kabla ya Krismasi nilikwenda kuchukua shuka langu. Mwenyeji alikuwa barazani anashona, tukaongea kidogo kwa Kiswahili, yeye cha bei, mimi changu. Mlango wa pili ukafunguka. Jaja alikuwa amerudi. Alikwenda kuzika, akasema, upande wa Luweero, dada ya marehemu mumewe, msiba ulimjia kwa simu usiku wa Jumamosi ile ile, baadaye kabisa.

Nikamsalimu. Alinitazama, akainua kidole.

"Wewe ndiyo ile sauti."

Nikasema, "Sauti gani, Jaja?"

"Ya sinema. Ile siku. Mimi nilikuwa nasikia muzuri, nimekaa tu hapa kwa kitanda na chai yangu. Halafu unanyamaza! Nikagonga. Kwa kibanda vijei akinyamaza si watu wanagonga benchi?" Alikuwa na kinyongo cha kweli. "Nimegonga, na mwalimu amezima kila kitu."

Mwenyeji alikuwa ameshika kitambaa chini ya sindano na mguu hauendi. Mimi nilikuwa na shuka kwapani. Nilifikiria sauti ya filamu tuliyoishusha, na kwamba ukuta uliopitisha maneno yangu ungeweza kupitisha pia, kwa mbali, wanawake wawili wanaolia kwa Kihispania. Nilifikiria kwamba amekaa na jambo hili wiki tatu, matangani, kati ya watu, na kama alimwambia mtu, amemwambia nini.

"Sasa niambie," akasema. "Ile mutu ya boti, alirudi?"

"Alirudi, Jaja."

"Alikaa sana?"

"Miaka miwili."

Akatikisa kichwa kwa ile miaka miwili. Akaanza kugeuka aingie ndani, halafu akasimama, mkono kwenye fremu ya mlango.

"Na waliolewa?"

Kiswahili cha kambini hakina adabu na vitenzi. Huenda alitaka kusema walioana, kinywa kikashika kilicho karibu. Naweza kukutajia makosa kumi ya namna hiyo kutoka darasa lolote la wiki hii. Nilimtazama usoni, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesubiri mwisho wa hadithi.

"Waliolewa," nikasema, na sikumsahihisha.